Mtaa umepata reli, taa na bustani. Sasa kwa nini wapangaji ndo wanafunga mizigo?

Mpangaji_Sugu (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu. Kuna ishu inanikera kila mjadala wa mipango miji ukianza, watu wanagawanyika timu mbili chap, timu moja inashangilia maghorofa na barabara mpya, timu ya pili inalia masikini wanafukuzwa mjini, wanatukanana weee mpaka uzi unafungwa. Mi naona wote wanalikwepa swali lenyewe. Siku thamani ya ardhi inapanda, hati iko mkononi kwa nani? Ukijua hilo umeshajua nani atacheka na nani atatafuta gari la kubebea vyombo.

Chukua mtaa wowote uliochoka ulio karibu na katikati ya mji. Mabomba yanavuja, ngazi zimebomoka, mwenye nyumba hakarabati kwa sababu kodi anayopata ni ndogo na anaona bora aile yote kuliko kuirudisha kwenye ukuta. Miaka inaenda hivyo hivyo. Lakini ardhi iliyo chini ya hiyo nyumba, kwa jinsi ilivyokaa, ingeweza kuingiza mara nyingi zaidi kama juu yake kungekuwa na kitu kingine. Mwaka 1979 mwanajiografia Mskoti, Neil Smith, alisema tusianze kuwachunguza vijana wenye hela wanaohamia mtaani, tuanze na hilo pengo, kati ya kile ardhi inachoingiza leo na kile ingeweza kuingiza. Pengo likiwa dogo hakuna mtu ana habari na nyinyi. Likishatanuka vya kutosha ndo utaona watu wenye suti wanapita na madalali wanapiga picha.

Sasa tuulizane nani analitanua. Mara nyingi ni serikali, tena kwa hela ya wote, pamoja na ya mpangaji. New York kulikuwa na reli ya mizigo ya juu kwa juu imetelekezwa, imeota nyasi, watu wakapigania isibomolewe, ikageuzwa bustani inayoitwa High Line, kipande cha kwanza kikafunguliwa 2009. Bustani nzuri, sitaki kuwa mnafiki. Ila pembeni yake yakachipuka majengo ya matajiri watupu, wakati hatua chache tu kuna nyumba za umma za watu wa kipato cha chini. Mmoja wa waanzilishi wake, Robert Hammond, alikuja kukiri mwenyewe mwaka 2017 kwamba walitaka kuifanya kwa ajili ya wakazi na hapo walifeli, kwamba walihangaika na muonekano wa bustani badala ya kuwauliza watu tuwafanyie nini, maana watu wana matatizo makubwa kuliko ramani ya bustani.

Atlanta nako hivyo hivyo. Yule Ryan Gravel aliyebuni ile BeltLine, njia ya kuuzunguka mji kwenye reli za zamani, wazo lenyewe aliliandika kwenye tasnifu yake ya masters mwaka 1999, mwaka 2016 akajitoa kwenye bodi ya mradi aliouanzisha yeye mwenyewe kwa sababu nyumba za bei nafuu zilizoahidiwa zilikuwa haziendi na kasi ya mradi. Mwenye wazo anajitoa, we fikiria.

Kwa hiyo msimamo wangu: mi sipingi maendeleo hata kidogo, nataka bustani na mi nikae karibu nayo. Ninachosema ulinzi wa mpangaji uandikwe KABLA mradi haujatangazwa, na serikali ishike ardhi kabla bei haijaruka. Ukishatangaza umechelewa, kinachobaki ni kugawana machozi. Karibuni tujadili, matusi pembeni.

Kigogo_Mkavu

Mkuu gazeti lote hilo ungesema tu "mi sina kiwanja" tungekuelewa 😂😂

Mama_Vyumba_Sita

Mwanangu Mpangaji nimekusoma mpaka mwisho, umeandika vizuri ila naona na wewe umetuweka wenye nyumba wote kapu moja. Kuna mwenye nyumba kampuni ana majengo elfu tatu na anaishi nchi nyingine, na kuna mwenye nyumba mimi, nina vyumba vya kupangisha nimevijenga kimoja kimoja, paa likivuja napigiwa simu mimi, mpangaji akikwama ni mimi nasubiri. Hao wawili hawafanani.

Alafu hiyo thamani mnayosema imepanda, mnadhani inaingia jikoni kwangu? Thamani ni namba kwenye karatasi ya mthamini mpaka siku niuze, na nikiuza nakwenda wapi, si na mimi nitahamia mbali kama huyo mpangaji? Kinachoingia kwangu ni bili ya kodi ya jengo iliyopanda. Wazee wengi duniani wamehamishwa na hiyo kodi na hakuna aliyewaandikia uzi. Wenzetu California walichoka, mwaka 1978 wakapiga kura wakapitisha Prop 13, thamani ya kutozea kodi isipande zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe. Kwa hiyo na sisi tunaumia, tusionekane wanyama.

Mchora_Ramani

Mama shikamoo, ila hiyo Prop 13 mbona ndo mfano wa tatizo. Mzee aliyenunua zamani analipa kidogo, kijana aliyenunua juzi nyumba ya kufanana nayo jirani analipa mara kadhaa, na kampuni zenye majengo ya biashara nazo zikajificha humo humo kwenye kivuli cha mzee. Alafu kila mwenye nyumba akawa hana hasara yoyote bei zikipanda, kwa hiyo akapata nguvu ya kupinga jengo lolote jipya mtaani kwake. Matokeo mnayajua, jimbo zima halina nyumba za kutosha.

Mleta uzi nakuheshimu lakini umezungumza maneno yote hayo bila kutaja IDADI YA NYUMBA. Watu wakiongezeka mjini na nyumba haziongezeki, hata ungempa malaika awe mwenye nyumba, kuna mtu atakosa pa kulala, na atakayekosa ni yule mwenye mfuko mwembamba. Auckland kule New Zealand mwaka 2016 walibadilisha mpango wa mji, wakaruhusu kujenga nyumba nyingi zaidi kwenye takriban robo tatu ya ardhi ya makazi, vibali vya ujenzi vikapaa. Na wachumi wa Marekani, Asquith, Mast na Reed, waliangalia majengo mapya makubwa kwenye mitaa ya kipato cha chini, watu wote wanaamini jengo jipya linapandisha kodi za majirani, wao wakakuta kodi za karibu zinashuka kama asilimia 5 hadi 7 ukilinganisha na ambavyo zingekuwa. Sababu ni rahisi, yule mwenye hela akipata apatimenti mpya haji kugombania chumba chako cha zamani.

Na hiyo lugha ya "ulinzi wa mpangaji" nawajua mnakokwenda, mnataka kugandisha kodi. Berlin walijaribu Februari 2020, wakagandisha kodi za nyumba kama milioni moja na nusu kwenye viwango vya Juni 2019. Waliokuwa ndani wakafurahi. Waliokuwa nje wakatafuta tangazo la nyumba ya kupanga hawalioni. Aprili 2021 mahakama ya katiba ikaifuta.

Mpangaji_Sugu (mleta uzi)

Mchora_Ramani hapo mwisho umepunja stori. Mahakama haikuifuta kwa sababu matangazo yalipungua, iliifuta kwa sababu sheria ya pango ni mamlaka ya serikali kuu ya Ujerumani na Berlin kama jimbo haikuwa na uwezo wa kuitunga. Hilo ni suala la nani ana kalamu, halisemi chochote kama dawa ilikuwa nzuri au mbaya. Na watu wa Berlin wenyewe walioonja hiyo dawa, Septemba mwaka huo huo 2021 walipiga kura ya maoni, karibu asilimia 59 wakasema kampuni zenye nyumba zaidi ya 3,000 zichukuliwe na umma. Kura haikuwa ya lazima kutekelezwa, lakini inakuonyesha watu walivyochoka.

Kuhusu matangazo kupungua nakubali, ilitokea.

Dada_Takwimu

Naomba niingize namba zinazowachanganya wote wawili.

San Francisco mwaka 1994 wapiga kura waliongeza udhibiti wa kodi kwenye majengo madogo yaliyojengwa kabla ya 1980, ya baada ya hapo yakaachwa. Kwa mtafiti hiyo ni zawadi, unalinganisha jengo la 1979 na la 1981 unaona kilichotokea. Diamond, McQuade na Qian wakafanya hivyo. Mpangaji aliyekuwa ndani alibaki zaidi kwenye nyumba yake, hasa wazee na waliokaa muda mrefu, kwa hiyo Mpangaji_Sugu una pointi. Lakini wenye nyumba wakatafuta kila mlango wa kutokea, wakageuza vyumba vya kupanga kuwa vya kuuza, wakabomoa wakajenga upya, nyumba za kupanga kwenye majengo hayo zikapungua asilimia 15 na kodi za mji mzima zikapanda kama asilimia 5. Maana yake mpangaji wa leo alilindwa, bili ikaenda kwa mpangaji wa kesho. Ukisoma hiyo tafiti nusu tu utashinda ubishi wowote, ndo maana kila upande unainukuu.

La pili. Watafiti Freeman na Braconi waliangalia New York, wakachapisha 2004, kwamba kaya masikini kwenye mitaa inayopanda hadhi zilikuwa zinahama KIDOGO kuliko kaya masikini kwenye mitaa mingine. Watu wengi hawalipendi hilo. Lakini fikirieni, masikini anahama hama kila siku, mtaa uwe unapanda au unashuka, kwa sababu ya notisi, kazi kuisha, ugomvi wa familia. Mtaa unavyobadilika hauhitaji hata kumfukuza mtu. Wanaotoka kwa sababu zao za kawaida, nafasi zao zinajazwa na wenye hela, baada ya muda mtaa umegeuka wote na hakuna siku hata moja uliyoona tingatinga. Na aliyebaki anabaki kwa kujikaza, anatoa sehemu kubwa zaidi ya mshahara, wanarundikana wengi chumbani.

Kwa hiyo swali la "wamefukuzwa wangapi" ni dogo sana. Mi nauliza mtu wa kipato kile kile akija mjini leo, anapata pa kuingilia?

Kigogo_Mkavu

Dada_Takwimu nimekuelewa lakini kichwa kinauma

Fremu_Namba_Tatu

Nyote mnaongea nyumba za kulala tu. Sisi wapangaji wa biashara je? Maana mpangaji wa kulala akihamishwa anabeba kitanda. Mwenye fremu nikihamishwa nabeba nini, wateja? Ile hali ya watu kujua upo hapo kona ile miaka yote haibebeki kwenye gari.

Mnaosifia kufufua mito na kubomoa madaraja, someni Seoul vizuri. Walikuwa na mto Cheonggyecheon umefunikwa na barabara, juu yake tena barabara ya juu. Meya Lee Myung-bak akaamua kubomoa yote, kazi ikaanza 2003, mto ukafunguliwa Oktoba 2005, karibu kilomita 6 za maji na miti katikati ya mji, kila mkutano wa mipango miji duniani wanaonyesha hizo picha. Sawa. Wamachinga waliokuwa wanauza pale pembezoni walipelekwa uwanja wa Dongdaemun, wakaambiwa mtajipanga humu ndani. Wakajipanga, soko likaanza kuchangamka. Haijapita miaka mingi uwanja wenyewe ukabomolewa kupisha lile jengo la kisasa la usanifu lililofunguliwa 2014, wakahamishwa tena. Yaani ukihamishwa mara ya kwanza unaambiwa ni kwa ajili ya mto, ya pili ni kwa ajili ya sanaa, na kila safari wanasema mmeshirikishwa.

Hiyo ni ya amani. Hapo hapo Seoul, mtaa wa Yongsan, Januari 2009. Mradi wa kujenga upya mtaa, wapangaji, wengi wao wenye biashara, wanaona fidia haifikii hata walichowekeza ndani ya maduka. Maana kule kuna hela mpangaji mpya wa duka anamlipa anayetoka, kama vile sisi tunavyosema kilemba, na mradi ukija hiyo hela inayeyuka kwa sababu hakuna anayeingia baada yako, anaingia bulldoza. Wakapanda juu ya paa wakajenga mnara wa kujilinda, polisi wa kikosi maalumu wakaingia alfajiri, moto ukawaka, wakafa watu sita, watano waandamanaji na mmoja polisi. Fidia ya duka, wakuu. Watu sita.

Mwaka 2015 ndo sheria ikarekebishwa kumlinda mwenye duka asinyang'anywe hicho kilemba, na 2018 haki ya kudai mkataba uendelee ikaongezwa kutoka miaka 5 hadi 10. Kwa hiyo inawezekana kuandika sheria ya mwenye fremu, isipokuwa huwa inaandikwa baada ya mazishi. Mleta uzi pointi yako ya "kabla" hapo naiunga mkono mikono miwili.

Baharia_wa_Nchi_Kavu

Pole sana Fremu. Nami niongezee wa nyumba za watalii, maana ni mwenye nyumba yule yule ila amegundua mgeni wa siku mbili analipa kuliko familia ya mwezi. Barcelona meya wao Jaume Collboni alitangaza Juni 2024 kwamba vibali vyote 10,101 vya apatimenti za watalii havitahuishwa, mwisho Novemba 2028. Tutaona kama atafika nacho, wenye vibali hawajalala.

Mjukuu_wa_Chifu

Kuna kitu kingine hamjagusa, ni kwamba hata kwenye fidia kuna madaraja. Mradi wa kujenga upya Dharavi, uswazi mkubwa kule Mumbai India, wanaojenga ni kundi la makampuni la Adani. Aliyekuwepo kabla ya tarehe 1 Januari 2000 na anakaa chini anapata nyumba ya futi za mraba 350 bure hapo hapo Dharavi. Aliyekuja kati ya 2000 na 2011 anapata kwa kulipia, nje ya Dharavi. Anayekaa chumba cha juu, maana pale watu wamejenga kwenda juu na kupangisha, huyo anapewa nyumba ya kupanga, nje vile vile.

Sasa nani anakaa vyumba vya juu? Mpangaji! Wa chini ndo mwenye nyumba. Kwa hiyo hata uswazi kwenyewe ambako hakuna hati ya serikali kuna tabaka, na mradi ukija unalikuta hilo tabaka unalipiga muhuri. Mpangaji_Sugu swali lako la hati ni zuri ila liongeze, hata pasipo na hati kuna mwenye kauli na asiye na kauli. Wanaharakati wengi wanaposema "jamii ya wakazi" wanawachanganya hao wawili, alafu wanashangaa kwenye mkutano nusu wanapiga makofi nusu wamenuna.

Mzee_wa_Busati

Vijana, haya mambo si ya leo wala jana. Paris wakati wa Napoleon wa Tatu, kuanzia 1853 mpaka 1870, ofisa wake mkuu wa Paris, Haussmann, alibomoa sehemu kubwa ya mji kupitisha zile barabara pana mnazoona kwenye kalenda. Wafanyakazi wakasukumwa pembezoni, huko mashariki Belleville. Lakini jambo ambalo halisemwi sana ni hili, mwanzoni mji ulikuwa unatwaa viwanja vizima vilivyo pembeni ya barabara mpya na kuuza vipande vilivyobaki kwa bei iliyopanda, faida ikarudi kulipia kazi. Mwaka 1858 ikaamuliwa vipande visivyohitajika kwa barabara virudishwe kwa wenyewe. Basi toka hapo mji ukawa unalipia barabara, na wenye viwanja wanavuna kilichoota kando yake. Madeni yakaumuka mpaka yakachangia kumng'oa Haussmann.

Na msidhani kushinda tingatinga ndo kushinda vita. Kule New York mwandishi na mwanaharakati Jane Jacobs alipigana na Robert Moses, bosi wa miradi ya barabara, miaka ya 50 na 60, mtaa wao wa Greenwich Village ukanusurika na barabara kuu, ukabaki na majengo yake madogo na njia za kutembea. Leo mtu wa kipato walichokuwa nacho majirani zake wakati ule hawezi hata kupanga stoo pale. Mtaa uliokolewa. Wakazi wa aina ile hawakuokolewa.

Mchora_Ramani

Mzee hiyo ya Greenwich Village ndo ninayoililia siku zote. Ukiulinda mtaa usijengwe chochote, unaugeuza kuwa kito, na kito kinanunuliwa na tajiri. Umenisaidia mno.

Mzee_wa_Busati

Sijakusaidia wewe peke yako kijana, soma na aya ya juu yake.

Mpangaji_Sugu (mleta uzi)

Mzee hiyo ya 1858 ndo uzi wangu wote kwa aya moja, ningeijua mapema nisingeandika gazeti.

Ngoja nijibu wanaouliza "sasa tufanyeje". Vienna baada ya vita vya kwanza. Sheria ya kulinda wapangaji ya wakati wa vita ilishagandisha kodi, mfumuko wa bei ukazila, ardhi ya kujengea nyumba za kupangisha ikawa haina mnunuzi. Watu binafsi wakakimbia. Mji ndo ukaingia sokoni kununua, bei ikiwa chini, ukawa na ardhi kubwa. Alafu 1923 wakaweka ushuru wa nyumba unaopanda kwa ngazi, majumba ya kifahari yakabeba mzigo mzito, hela ile ikajenga nyumba zaidi ya 60,000 kufikia 1934, likiwemo lile jengo la Karl-Marx-Hof lenye urefu unaozidi kilomita moja. Mpaka leo mji unamiliki nyumba kama 220,000. Ona mpangilio: ardhi kwanza wakati hakuna anayeitaka, nyumba baadaye. Mchora_Ramani hapo na wewe umo, walijenga! Mimi sijawahi kupinga kujenga, nauliza kinachojengwa kinakaa juu ya ardhi ya nani.

Kama mji hauna hela ya kununua, kuna Hong Kong, shirika la reli linapewa haki ya kujenga juu ya stesheni kwa bei ya ardhi kabla reli haijafika, linajenga, linauza kwa bei ya baada ya reli, tofauti inalipia reli.

Mchora_Ramani

Hong Kong!! Mkuu umejifunga mwenyewe. Kule serikali imekamata faida ya ardhi kweli kweli, na nyumba zake ni kati ya ghali kuliko zote duniani, kwa sababu bajeti yao ikishazoea hela ya ardhi hawana haraka ya kuachia ardhi nyingi bei ishuke. Kumpa serikali hati hakumaanishi amempa mpangaji.

Mpangaji_Sugu (mleta uzi)

Hapo sina ubishi mkubwa. Serikali ikiwa dalali inakuwa na tamaa ya dalali. Ndo maana napenda zaidi zile amana za ardhi za jamii, ingawa ni ndogo. Burlington kule Vermont walianza 1984, meya akiwa Bernie Sanders. Ardhi ni ya amana, wewe unanunua nyumba tu, ukiuza unarudishiwa ulichoweka na robo ya ongezeko la thamani, robo tatu inabaki ndani ili anayefuata anunue kwa bei ya mtu wa kawaida. Boston mtaa wa Dudley Street walikwenda mbali zaidi, mwaka 1988 chama cha wakazi kikapewa na mji mamlaka ya kutwaa viwanja vilivyotelekezwa, yale mamlaka ambayo kwa kawaida ni serikali inamtwalia mnyonge ampe tajiri. Walivitwaa wakati vimejaa taka na magari yaliyochomwa, hakuna aliyekuwa anavitaka. Leo Boston bei zinatisha lakini ile ardhi haiko sokoni.

Dada_Takwimu

Kasoro yake ni ukubwa. Nyumba mia chache kwenye mji wa watu laki kadhaa. Naipenda ila tusiiuze kama dawa ya mji mzima.

Mama_Vyumba_Sita

Mimi narudi kwenye robo. Mtu ajenge, akarabati miaka ishirini, alafu apewe robo ya ongezeko? Mwenye kampuni majengo elfu tatu anapewa lote na hakuna anayemuuliza. Anzeni na yeye.

Mjukuu_wa_Chifu

Mama hapo umepiga penyewe 😂

Mpangaji_Sugu (mleta uzi)

Mama ongezeko lile siyo la ukarabati wako, ukarabati unahesabiwa pembeni kwenye amana nyingi. Ongezeko ninalosema ni lile linalokuja stesheni ikijengwa mtaa wa pili wewe ukiwa umelala. Na kuhusu kodi ya jengo uliyolalamikia mwanzo nakupa haki yako, kuna njia nzuri kuliko ya California. British Columbia kule Kanada mwenye nyumba wa miaka 55 na kuendelea anaruhusiwa kuahirisha kodi ya jengo ya nyumba anayoishi, deni linakaa kwenye hati na riba yake, linalipwa siku nyumba inauzwa au inarithiwa. Mzee hahamishwi, na mji haupotezi hela yake. Kampuni haiingii humo kwa sababu haina miaka 55 ya kulala kitandani.

Mama_Vyumba_Sita

Hiyo ya kuahirisha naichukua, watoto watalipa wakiuza. Na mkataba wa miaka mitano na mpangaji mi nasaini hata leo, kodi ipande kwa kiwango tulichoandika humo ndani, na yeye akae kwa amani. Ila kodi yangu isigandishwe na mtu wa ofisini ambaye bei ya saruji haijui. Hapo mtanikuta kwenye huo mkutano wenu nimenuna.

Fremu_Namba_Tatu

Mama hiyo miaka mitano ni kwa wa vyumba tu au na sisi wa fremu tumo?

Mama_Vyumba_Sita

Fremu sina mwanangu, ningekuwa nayo ningekupa saba. Lakini kipengele cha kubomoa kiandikwe wazi, nikitaka kujenga ghorofa nakulipa kilemba chako na unapata nafasi ya kwanza kurudi.

Fremu_Namba_Tatu

Weka hicho kipengele hapa tukikopi.